Ngoma Ambayo Haikufungwa

Haneti,
Jumatano, 9 Februari 2000

Edina,

Zima hiyo redio kwanza ndipo usome. Najua umeiwasha. Najua umeiweka dirishani ili Chang'ombe nzima ya hapo Dodoma isikie unavyopiga ngoma, na mpita njia akigeuza shingo unajifanya unachambua mchele. Mwanamke mzima, una wajukuu, unajisikiliza mwenyewe kama kijana anayejitazama kwenye kioo cha duka. Huna haya. Mama yetu alipiga ngoma mpaka viganja vikawa vigumu kama soli, na hata siku moja hakumwita jirani aje amsikilize. Zima.

Umezima? Haya, sasa tusalimiane. Mimi ndiye mkubwa na mimi ndiye nimetangulia, hilo nalo uliweke akilini. Shikamoo yako sijaiona tangu Krismasi. Hujambo wewe, na goti lako linaendeleaje? Uliandika kwamba limevimba, hukai chini bila kushikwa wala husimami bila kuinuliwa. Kama limepona nimefurahi. Kama halijapona, lipone upesi, maana nina kazi nalo. Wasalimie watoto wote hapo nyumbani, na yule jirani yako wa Nzuguni aliyekuwa akikuletea maziwa, kama bado mnaongea.

Sisi huku ni wazima wa kutembea tu. Mvua hakuna. Mbegu ya kwanza iliota ikaungua ikiwa na majani mawili. Mbegu ya pili wengi waliipika badala ya kuipanda, na mimi siwalaumu. Ng'ombe wanatafuna karatasi. Mlenda wenyewe sasa unatafutwa kama dawa. Nyumba yangu ya tembe imesimama, kuku wamebaki wa kuhesabia kidole, na meno yangu yapo, ila hayana kazi.

Barua hii naiandika kwa mkono wangu, kwa herufi zangu za ngumbaru, kwa sababu mambo yaliyomo siwezi kumpa mtoto wa shule ayaandike halafu akayatembeze kijijini. Ukikuta neno limevunjika, liunge. Nitampa utingo wa basi akufikishie mkononi, na nitamwambia akiipoteza asipite tena njia hii.

Sasa nisikilize. KEFA NI MJUKUU WANGU. Hilo nimeliandika kwa herufi kubwa kubwa kwa sababu naona watu wamesahau. Binti yangu alipofariki, mtoto alibaki mchanga, hajui hata kukaa. Nani alimbeba mgongoni akienda shambani na akirudi? Nani alimbana na ngoma magotini, mtoto upande huu na ngoma upande huu, ili alale? Ni mimi, Penina. Alilala kwa mlio wangu, si wako. Wewe ulimpokea hapo Chang'ombe ana ndevu na anajua kufua nguo zake mwenyewe. Ulimpokea mtu aliyekwisha kulelewa, kama anayekuta ugali umeiva akavuta kiti.

Ndiyo maana siku ile dukani kwa Mustapha nilitaka kupasuka. Nilikwenda kutafuta chumvi. Redio ya duka ilikuwa inabwabwaja, siku hizi kila mtu ana redio yake na kila redio ina mtu wa kupiga kelele. Mara nikasikia ngoma. Niliujua mkono kabla ya kuujua wimbo. Mkono wako wa kushoto unachelewa, Edina. Umechelewa tangu ukiwa msichana, mama alikupiga vidole kwa ajili hiyo, na sasa umechelewa mbele ya nchi nzima. Halafu ikaingia sauti ya Kefa, inafoka, haiimbi, inafoka kama mtu aliyeibiwa mbuzi, na katikati ya kufoka kwake akasema, Bibi Edina, gonga!

Bibi Edina. Mtoto niliyembana magotini.

Mtangazaji naye akasema ni ajabu, ngoma hiyo imepigwa na bibi kizee. Ajabu gani? Ngoma yetu ya muheme imeanza lini kupigwa na wanaume? Kwetu Wagogo mwanamume ataruka na kengele zake miguuni, lakini anayebana ngoma ni mwanamke, na kila mtu anajua. Mtu wa mjini akiona kitu alichochelewa kukiona anasema ajabu. Watu waliokuwa dukani wakanigeukia wote. Wakaniuliza, mama, ni wewe huyo? Nikawaambia ni mdogo wangu. Wakasema, aa. Hiyo "aa" yao sijaisahau mpaka leo. Niliondoka bila chumvi.

Wewe uliniandikia baadaye barua ya furaha, ukanieleza jinsi Kefa alivyokuja na wenzake, jinsi yule Halfani mwenye mitambo ya kurekodi alivyokufungia chumbani na blanketi ukutani ili kelele za barabarani zisiingie, jinsi walivyokupa soda. Uliandika kwamba walikuomba mara moja tu na ukasimama hapo hapo. Umeandika kwa mkono wako na hukuona aibu! Mama aliombwaje? Watu walikuja, akawakatalia. Akasema kiuno kinauma, akasema ngozi ya ngoma imelegea, akawatoa mpaka mlangoni. Wakaondoka. Wakarudi kesho yake na maneno matamu, ndipo akainuka taratibu kama mtu anayelazimishwa. Hata mwenye kufiwa na ng'ombe wote alijua hivyo: mpiga ngoma haombwi mara moja. Wewe umekimbilia soda.

Haya, tuyaache hayo kidogo. Nitayarudia.

Niseme na la haki, ingawa linaniuma. Ule wimbo wao niliusikia mara nyingi, kwa sababu Mustapha anaupiga makusudi nikipita. Mwanzoni nilidhani ni ugomvi. Suruali zao nimeziona, zinashuka kama za mtu aliyeugua, na kofia wamezigeuza kisogoni, sijui jua linawachoma usoni kwa faida ya nani. Lakini siku moja nilisimama nikasikiliza maneno yenyewe. Kefa anasema, mjini wanagonga meza, kwetu tunagonga sufuria tupu. Anasema mtoto wa Haneti haogopi giza, anaogopa saa ya kula. Edina, hayo aliyatoa wapi? Aliyatoa hapa. Saa ya kula ni neno langu. Ndivyo nilivyokuwa nikisema yeye akiwa mdogo, mwaka ule tuliokula mizizi, kwamba naogopa saa ya kula kuliko fisi. Amelibeba miaka yote hiyo, akalitia kwenye ngoma yako.

Ukaniandikia pia habari za lile onyesho lao hapo mjini, kwamba mlangoni hawakutaka fedha. Kiingilio kilikuwa bakuli la mahindi au la mtama, mtu anamimina kwenye gunia ndipo anapita. Ukasema walikuja wanafunzi, wakaja makarani wa ofisini na wake zao, Waislamu na Wakristo, Wachaga na Wahaya na watu ambao Haneti hawajui iko upande gani, kila mmoja na bakuli lake, na waliokuja mikono mitupu walirudishwa sokoni. Ukasema wewe ulikaa juu ya jukwaa kwenye kiti chako, kila magunia yakijaa unapiga, watu wanapiga kelele jina lako. Nilipofika hapo niliikunja barua nikaitia chini ya mtungi. Iko huko mpaka sasa, ina unyevu.

Basi, lori la nafaka hiyo likaja huku Haneti. Hayo hukuyaona kwa sababu ya goti lako, na Kefa najua amekueleza nusu, maana mtoto huyo bado ananiheshimu. Nitakueleza mimi yote.

Walifika mchana, watoto wanakimbia nyuma ya lori wamejaa vumbi. Kefa alishuka akaja moja kwa moja kwangu, akapiga goti, akaniamkia. Alikuwa amekonda, shati limemlowa, amebeba magunia mwenyewe. Nilimwitikia kwa mdomo mwembamba. Pamoja naye alikuwa msichana wa chuo anaitwa Frida, mtoto mwenye adabu na sauti kama ya mkuu wa kituo, naye anafoka kama wavulana, tena kuwazidi. Huyo Frida ana kazi ya pili, anachora. Alishuka na makopo ya rangi ya kupuliza, akamwomba ruhusa mwenyekiti wetu wa kijiji, Nikodemo, akaufuata ukuta wa ghala. Wenzake walipokuwa wakishusha magunia yeye alikuwa anapuliza, na watoto wamejipanga nyuma yake hawapumui.

Alipotoka pale ukutani, tukaona mwanamke mkubwa kuliko mlango amebana ngoma magotini, mikono imeinuka, na kutoka kwenye ngoma mahindi yanamwagika mpaka chini, watu wadogo wadogo wanakinga vibakuli. Chini ameandika, BIBI EDINA.

Kwenye ukuta wa ghala la Haneti. Haneti, ambako wewe uliondoka ukiwa mwali na mimi nikabaki. Kila mwanamke aliyeolewa hapa aliolewa kwa ngoma yangu. Kila mtoto aliyechezwa alichezwa kwa ngoma yangu. Wewe una kiti huko mjini, na ukuta umeupata huku.

Wakafunga spika, wakawasha jenereta, wakapiga kaseti ya ule wimbo wao, wakafoka. Vijana wakaruka, mpaka wazee wakatikisa mabega, wasinidanganye, niliwaona. Nikodemo akatoa hotuba, akasema Mungu abariki sanaa ya vijana, akasema kina mama wajipange na vyombo. Wimbo ukawa unaisha. Na wewe unajua unavyoisha, hauishi. Sauti inapungua, inapungua, kama mgeni anayeondoka nyumbani kwako bila kuaga, ngoma bado inapigwa lakini haisikiki. Nikauliza imekwenda wapi. Kefa akanieleza kwamba ni Halfani amefanya hivyo kwenye mitambo, ili mtangazaji apate nafasi ya kusema juu yake.

Hapo ndipo nilipopata pa kushika.

Nikasimama. Unanijua nikisimama. Nikawauliza kina mama kama wamesikia ngoma ikifungwa kwa mapigo ya mwisho. Wakatazamana. Nikawaambia ngoma hiyo imefunguliwa na haijafungwa. Nikawakumbusha zamani, mvua ikigoma na ng'ombe wakifa, jinsi bibi zetu walivyovaa nguo za wanaume wakashika mikuki, wakayafukuza mabaya kwa ngoma mpaka mpakani, na ngoma ilifungwa kule kule mpakani ili mabaya yasijue njia ya kurudi. Nikasema ngoma iliyoachwa wazi inaita. Mahindi haya yameitwa na ngoma iliyo wazi, na atakayeyapika ataikaribisha njaa nyumbani kwake, ikae, ivue viatu.

Najua hapa umeacha kusoma unatazama ukuta, unajiuliza mama alitufundisha sheria hiyo lini. Hakutufundisha. Mama aliweza kuiacha ngoma katikati akaenda kukoroga uji. Bibi zetu walifukuza mabaya, hilo ni kweli. Hiyo ya kuita nimeitunga nikiwa nimesimama, Edina, na jinsi ilivyotoka vizuri hata mimi mwenyewe nilisisimka.

Wakaondoka. Mmoja mmoja, na vyombo vyao vitupu, hawakunigeukia hata kuuliza. Wanaume walicheka wakasema ni maneno ya kina mama, lakini atakayewapikia ni nani? Kefa alinifuata, akaniambia bibi, watu hawa wana njaa. Nikamwambia aende akamwambie bibi yake wa kwenye ukuta. Alinitazama kwa macho ya mama yake. Walilala hapa wakaondoka asubuhi, magunia yakabaki ghalani, na Nikodemo akanitukana kwa heshima, akasema mama Penina, leo umetufunga kamba shingoni.

Mimi nilijua ni mambo ya siku mbili. Nilisema watanuna, watakuja kunisihi, nitafunga mimi mwenyewe hiyo ngoma kwa mkono usiochelewa, watu waone tofauti, halafu wayale mahindi yao. Nilikuwa nimekwisha kuitengeneza kichwani, hata kanga nitakayovaa. Sikujua kwamba wataniamini hivyo. Maisha yangu yote nimetaka watu wa hapa waliheshimu neno langu kuliko la mtu yeyote, na wameliheshimu kwa hilo moja.

Unamkumbuka Sikudhani, jirani yangu, aliyeolewa kutoka Kondoa? Yeye si wa kabila letu wala ngoma zetu hazijui, lakini hakuna aliyeshika neno langu kama yeye. Anawaambia wenzake, mama Penina hasemi ovyo. Ana watoto wadogo, na kila jioni nilimwona akirudi kutoka porini na majani. Siku moja akaja kwangu na bakuli la mlenda amelifunika kwa sahani. Akasema mama, najua na wewe umekataa mahindi kama sisi, na wewe ni mzee huwezi kwenda porini, kula. Aliutoa mdomoni mwa watoto wake, Edina. Nikala mbele yake, kwa sababu kukataa kungemvunjia heshima. Kila tonge lilinipita kama limebeba miiba.

Juzi yule mtoto wake wa mwisho akaanguka akazimia wakiwa wanateka maji. Wakambeba mpaka zahanati. Mganga akamwuliza Sikudhani mtoto amekula nini, akamtajia, mganga akafoka kuliko Kefa, akasema hapana ugonjwa hapa, mtoto huyu ana njaa, na ghala limejaa! Mtoto amezinduka, amepewa uji, yuko huko huko zahanati. Nilikwenda kumwona. Mkono wake ni kama mpini wa mwiko. Akaniamkia, akaniita bibi.

Nilitoka pale nikaenda kisimani, waliko kina mama wote. Nikawaambia. Niliwaambia waziwazi kwamba niliongopa, hakuna sheria kama hiyo, waende wakachukue mahindi. Unajua walinifanyaje? Walinihurumia. Mmoja akasema masikini, mjukuu wake amemlainisha. Mwingine akasema kwa sauti ya chini, lakini masikio yangu ni mazima, kwamba bila shaka Kefa ameniachia gunia langu ndani ndiyo maana nimegeuka. Sikudhani mwenyewe akanishika mkono akasema mama, unasema hivyo kwa sababu ya mwanangu, usijilaumu, sisi tutavumilia mpaka ngoma ifungwe. Uongo wangu wameuamini mara moja, ukweli wangu hauna mnunuzi.

Nikasema basi nitaifunga. Nikatoa ngoma. Wakakataa hata hiyo. Wakasema aliyefungua ndiye anayefunga, yaani wewe. Hilo nalo mimi sikulisema, wameliongeza wenyewe, uongo wangu umeota majani wakati mbegu zetu zimekauka. Na Nikodemo ametangaza kwamba wadudu wameanza kuingia kwenye magunia, na Jumamosi hii lori linarudi kuyachukua yapelekwe kijiji kingine ambako watu wana akili. Simlaumu. Kefa ndiye anayekuja nalo.

Sasa nakufikisha pale nilipokuwa sitaki kufika.

Tangu nianze barua hii nimekugombeza kama mwizi. Huko nyuma niliwaambia watu wa dukani, na wa kisimani, na nikamwambia Nikodemo, kwamba hakuna aliyekuja kuniuliza mimi, kwamba vijana walinipita wakaenda kwako kwa sababu una umeme. Na wewe nadhani ndivyo unavyojua. Kefa hakukwambia, kwa sababu ana adabu.

Alianza kwangu. Mwezi wa kumi na mbili, mbegu ya kwanza ilipoungua, alipanda basi akaja mpaka hapa. Alikaa kwenye kile kigoda chake cha utotoni, magoti yakamgusa kidevu. Akasema bibi, tunatengeneza wimbo wa njaa ya kwetu, na ngoma ninayoisikia kichwani ni yako, nakuomba uje. Edina, moyo uliniruka. Nilitaka kuinuka hapo hapo kama wewe. Lakini mimi ni binti wa mama yangu. Nikamwambia kiuno kinauma. Nikamwambia ngozi imelegea. Nikamwambia siwapigii ngoma wavulana wenye suruali za wagonjwa. Nikamtoa mpaka mlangoni, nikajificha nyuma ya mlango nimtazame anavyoenda, nikawa nacheka peke yangu kwa furaha.

Nikaziweka ngoma kando ya moto ngozi zikaze. Nilijua kesho atarudi. Kesho yake nikazipasha tena. Nikafagia uwanja. Nikamwomba Sikudhani kuku mmoja wa kumchinjia, maana wangu walikuwa wanaatamia, kumbe yeye mwenyewe hana. Kila vumbi la basi nilisimama. Nilizipasha na kuzipasha mpaka ile kubwa ya mama ikapasuka ngozi, pa, mbele ya macho yangu, na bado nikasema atakuja, nitapiga hiyo ya pili. Kefa hakurudi. Mtoto amesomea mjini, ameambiwa hapana akadhani ni hapana. Na nani wa kumfundisha kwamba bibi yake akisema hapana maana yake ni njoo kesho? Ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya.

Baada ya hapo ndipo nilipokusikia dukani.

Kwa hiyo hukunipokonya kitu. Uliombwa mara moja ukainuka, na kwa sababu uliinuka magunia yamejaa. Mimi nilingoja kuombwa mara ya pili, na mtoto wa Sikudhani ameanguka kwa njaa. Nimeyapima hayo mawili huku na huku, na sipendi ninavyoyaona. Wala usidhani wivu umeniisha. Upo, nauona hata sasa umekaa pale mlangoni. Wiki iliyopita alipita bwana shamba mgeni, akatazama ukuta akanitazama mimi, maana pua ni moja, akauliza kwa heshima, Bibi Edina ni wewe? Nikaitika. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema mke wake alipeleka bakuli. Nilifurahi mpaka nikafika kisimani sina ndoo. Haya, nimekwambia na hilo, unicheke.

Huyo Frida naye umwambie mkono wa kushoto ameuchora juu mno, hakuna mpigaji anayeinua hivyo, hata anayechelewa.

Salamu nyingi kwa wote wanaonikumbuka hapo Chang'ombe, na kwa wasionikumbuka pia, wajikumbushe. Kaburi la mama nimelifagia. Nakutakia afya ya mwili na ya hilo goti.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Penina

Sikiliza utakavyofanya. Ijumaa panda basi la asubuhi, ngoma usiiweke juu ya keria, ipakate. Usije na kaseti wala spika, na Halfani abaki na mitambo yake. Fikia kwangu, utalala kitandani, mimi nitalala chini, usibishe. Jumamosi kabla ya lori nitawaita kina mama wote mbele ya ghala, chini ya huo ukuta wako, na Kefa awepo aone. Wewe utakaa mbele na hiyo ngoma yako kubwa. Mimi nitakaa kushoto kwako na ile yangu ndogo iliyobaki, na mkono wako ukichelewa nami nitachelewa. Utafunga kwa sauti, mpaka kiziwi ajue imefungwa. Lakini kina mama watakapokuomba uanze, usikubali. Sema goti linauma. Mara ya pili nitakuomba mimi, na hapo ndipo uinuke.